Safari ya Posa Kutoka Malindi Hadi Lamu Katika Msimu wa Maulidi

Nimeandika haya baada ya kurudi nyumbani Malindi, nikitumia daftari nililokuwa nikijaza kila usiku pamoja na picha zilizo katika simu ya mdogo wangu. Tulisafiri kwa mambo mawili: kuhudhuria Maulidi ya Lamu, ambayo kilele chake katika Msikiti wa Riyadha huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, na kupeleka posa ya mdogo wangu kwa wazazi wa binti mmoja wa Mkomani, mtaa wa Lamu, ambaye walijuana wakisomea ualimu. Majina ya watu nimeyaacha, kwa kuwa ni ndugu zetu katika dini na bado tunataraji kuwa wakwe zao.

Jumatatu, Malindi

Tiketi tulizikata mapema, shilingi 1,000 kila mmoja, na ninamshauri yeyote anayekwenda wakati wa Maulidi asingoje siku ya kusafiri, kwa sababu mabasi hujaa watu watokao Mombasa na wa Malindi hubaki wakisimama kituoni.

Jioni yote ami yetu, ambaye baada ya kufariki baba ndiye aliyekubali kuwa mshenga, alikaa akitutayarisha kwa swali moja: tutajibu nini tukiulizwa asili yetu. Babu yetu alizaliwa Mgiriama upande wa Magarini, akasilimu akiwa kijana, akaoa, akasomesha watoto wake Kurani, na akaswali katika msikiti mmoja wa mtaani hadi alipofariki, lakini watu wa mtaa waliendelea kumwita mhaji, yaani mtu aliyesilimu ukubwani, hadi siku ya maziko yake, kana kwamba alitamka shahada jana yake. Imamu alipokosekana, alisukumwa mbele mtu mwingine yeyote, hata kijana ambaye babu ndiye aliyemfundisha alifu na be.

Jambo hili lina mizizi katika mji wenyewe. Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua Malindi mwaka 1861, mashamba ya mtama na ufuta yaliyoutajirisha yalilimwa na watumwa, wengi wao waliosilimu papa hapa. Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Wajukuu wa watu walioachiwa huru mwaka huo wangali hai na tunaswali nao bega kwa bega, na bado wapo wazee wanaoweza kukuonyesha, nyumba kwa nyumba, nani alikuwa wa nani. Sisi hatukutokana na watumwa, lakini nimewahi kusikia jamaa zetu wenyewe wakilisema hilo kwa fahari, na fahari hiyo huniumiza kuliko matusi ya watu wa nje, kwa sababu ni kuomba tupandishwe daraja moja ili tupate wa kumtazama chini.

Jumanne, Malindi hadi Mokowe

Basi liliondoka alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki kungali giza. Gongoni na Marereni tulizipita usingizini. Kifungua kinywa tulikipata Garsen, mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, watu wanne kwa shilingi 400, kwa kuwa ami alimkaribisha mezani kijana mmoja aliyekuwa amesimama kando akihesabu sarafu. Njia yote sasa ni lami na aliyeijua zamani wakati wa matope hawezi kuamini, lakini vizuizi vya askari ni vingi. Kila abiria hushuka na kitambulisho mkononi, na asiyekuwa nacho hukalishwa kando, kwa hiyo msafiri asikisahau kamwe. Wanaume wenye kofia na kanzu walichelewa zaidi katika mstari huo kuliko wengine.

Witu niliitazama kwa hamu kwa sababu ya historia yake. Sultani Ahmed wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kama Simba, aliikimbilia akafanya makao huko msituni na akawapokea watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu, Malindi na kwingineko. Aliwapokea kwa sababu alihitaji watu wa kumlinda, sisemi alikuwa mtakatifu, lakini walipofika kwake walipata shamba na silaha, wakati Waislamu wenzao waliokuwa wakiwaongoza katika swala walikuwa wakiwatafuta kwa kamba.

Katika kiti cha pembeni yangu alikaa mama wa makamo, Mkikuyu aliyesilimu alipoolewa, anayelima karibu na Mpeketoni. Aliponiona nikisoma alinigawia ndizi na tukazungumza hadi njia panda aliposhuka. Mwezi Juni mwaka 2014 watu wenye silaha waliivamia Mpeketoni, wakawauliza wanaume dini yao na kuwaua wasiokuwa Waislamu, na kabla ya mashambulizi ya siku hizo kwisha zaidi ya watu 60 walikuwa wamepoteza maisha. Mama huyu alipoteza shemeji. Alinieleza kwamba katika matanga ndugu zake Wakristo walimwekea chakula peke yake, kama mtu aliyetumwa na wauaji, na alipokwenda darasa la akina mama msikitini mmoja wao alimuuliza mbele ya wenzake kama alisilimu kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya shamba la mumewe. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimefunga Ramadhani zote hizi. Nimfungulie nani moyo wangu aone?" Nilimwandikia nambari yangu katika kipande cha gazeti. Kwa kuwa yeye ni mtu wa bara, hata salamu yake hupimwa kwanza kabla ya kuitikiwa, na hilo nililishuhudia mwenyewe pale ndani ya basi.

Mokowe tulifika baada ya adhuhuri. Boti ya abiria hadi Lamu ilikuwa shilingi 150, na mwenye mizigo aulize bei kabla hajaukabidhi mkoba wake, kwa kuwa wachukuzi ni wengi na kila mmoja ana bei yake. Mvuvi mzee tuliyekaa naye alimpa ami mkono wakati wa kushuka na hakumwachia mpaka alipokuwa amekanyaga nchi kavu.

Chumba tulikipata Langoni kwa shilingi 2,500 kwa usiku, bei ya msimu. Mwenye nyumba alituletea mkate wa mofa na samaki wa kupaka bila kuombwa, akakataa malipo, akasema mgeni wa Maulidi ni mgeni wa Mtume.

Jumatano, Mkomani

Kutoka Langoni hadi Mkomani ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini zamani ulikuwa mwendo mrefu sana. Mkomani ndiko ziliko nyumba kubwa za mawe, zenye madaka (kumbi za mlangoni), viwanda (nyua) vya ndani na kuta za zidaka (vishubaka), na ndiko walikokaa wangwana. Langoni ilikuwa upande wa nyumba za makuti, wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut ya Yemen, na watu waliotoka utumwani. Mji mzima uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na watalii huoneshwa milango ya nakshi bila kuambiwa ni nani aliyekuwa haruhusiwi kuipita na viatu miguuni.

Tulipokewa kwa heshima kubwa, na ninataka msomaji alijue hilo. Udi ulifukizwa, tukanyunyiziwa marashi, kukaletwa halua na kahawa tungu. Wanaume walibaki upande wa daka na mimi nikaingizwa kwa akina mama. Mama wa binti ni mtu mwenye sauti ya upole, alinishika mkono muda wote, na ninaamini kwamba mapenzi aliyonionyesha yalikuwa ya kweli. Shangazi wa binti ndiye aliyeuliza.

"Ndoo kitako (njoo ukae) hapa, mwanangu. Na nyinyi huko Malindi ni watu wa nani?"

Nikamtajia baba na babu.

"Na babu yenu, babake?"

Nikamtajia jina la Kigiriama, jina la mtu aliyezaliwa na kufa bila kuujua Uislamu. Shangazi akasema Mashallah, akamimina kahawa, na tangu hapo mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Upande wa wanaume, kama alivyonisimulia ami usiku ule, walimsikiliza mdogo wangu akisoma, wakamsifu kwa kisomo chake, wakamsifu kwa kazi yake. Kisha mmoja wa wajomba akasema kwamba kijana hana ila yoyote, ila limebaki suala la kufu, yaani kulingana kwa nasaba na hadhi kati ya wanaooana. Ami alilitarajia. Akawakumbusha kwamba Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipomwendea Mtume kutaka ushauri juu ya waliomposa, Mtume alimwambia aolewe na Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Na Fatima mwenyewe akasimulia kwamba hakupenda mwanzoni, kisha Mwenyezi Mungu akatia kheri katika ndoa ile hata wanawake wakamwonea wivu. Mjomba akajibu kwa adabu, "Hayo ni ya Mtume, Bwana. Sisi tunaishi na watu."

Jibu hilo nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Hakuna aliyeipinga hadithi wala kusema kwamba sisi si Waislamu, na bado mlango ulikuwa umeshaanza kufungwa. Bilal hutajwa katika hotuba nyingi na watoto wetu wanaimbishwa jina lake madrasa, lakini hutajwa akiwa juu ya paa la Kaaba akiadhini, mahali ambapo hamnyang'anyi mtu binti wala urithi wala kiti. Usama ndiye tunayepaswa kumtaja, kwa sababu Usama alioa.

Haki ni kusema pia kwamba mjomba hakuizua habari ya kufu. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo tunayoifuata pwani nzima, vinahesabu nasaba miongoni mwa mambo yanayotazamwa, ilhali Imamu Malik alitazama dini. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kwamba kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Binti mwenyewe analijua hilo kuliko sisi sote. Aliponisindikiza hadi ukumbini alisema, bila kuinua sauti na bila kunong'ona, "Dada, haki hiyo ni yangu mimi na baba. Mimi nimekwisha kuisamehe. Amebaki baba."

Tuliambiwa tutajibiwa.

Alhamisi, Riyadha

Asubuhi ami alitupeleka kwa mwalimu mmoja mzee wa Langoni anayefahamiana naye kwa barua. Tulikaa barazani kwake hadi adhuhuri, akatusimulia habari za Habib Swaleh, nami nikaandika kurasa nyingi kuliko siku nyingine yoyote.

Habib Swaleh, yaani Sayyid Swaleh bin Alawi wa ukoo wa Jamalil-Leil, alikuja Lamu kutoka Ngazija akiwa kijana, katika karne ya 19, kwa jamaa zake waliokuwa hapa. Alisoma, akafundisha, akatibu wagonjwa kwa dawa za miti. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulitarajia kwa sharifu, yaani mtu wa kizazi cha Mtume: akaenda kuishi Langoni na kuwasomesha watumwa, watoto wa watumwa na wageni maskini, watu ambao elimu ya dini haikuwa imefunguliwa kwao. Walikuwa wakiitwa msikitini waswali, lakini hawakuitwa darasani wafahamu. Mwalimu alituelezea kwamba watu hao walizipenda ngoma zao, na Habib Swaleh hakuwaambia waziache nje ya dini, bali aliingiza twari (matari) katika kusoma maulidi, yale yaliyotungwa na Habib Ali Habshi huko Hadhramaut. Wakubwa wakapiga kelele kwamba msikiti unapigwa ngoma. Naye akaendelea. Msikiti wa Riyadha ukasimama, wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima, na alipofariki katikati ya miaka ya 1930 mji uliompinga ulikuwa umekwisha kujivunia jina lake.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini basi, katika mji wa Habib Swaleh, sisi tunaulizwa babu wa babu. Hakukasirika. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba Habib Swaleh aliweza kuufungua mlango kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba. Angekuwa mtoto wa mtumwa anayesema maneno yale yale, nani angemsikiliza? Aliitumia heshima ya nasaba yake kuwainua wasio na nasaba, na waliompenda wakamheshimu kwa yote mawili, kwa kitendo chake na kwa nasaba yake, hata la pili likafunika la kwanza. Nakubaliana naye. Naongeza jambo ambalo yeye, kwa adabu yake, hakuligusa: katika miji yetu mwanamume sharifu huoa kwa Mswahili, kwa Mpokomo, kwa Mbajuni, na watoto wake huwa masharifu, lakini binti sharifu hungojewa sharifu mwenzake, na nimewajua wanawake waliozeeka wakingoja. Mzigo wa kuulinda utukufu wa ukoo umewekwa kichwani mwa wanawake peke yao.

Mwalimu alitwambia pia kwamba ugomvi huu si wa Lamu peke yake. Mahadhrami waliuchukua walikokwenda. Mwaka 1905 binti sharifu aliolewa Singapore na Mwislamu wa Kihindi asiyekuwa sharifu, na wanazuoni wakabishana hadi Misri, ambako Rashid Rida alijibu kwamba ndoa ile ni sahihi. Mwaka 1913 Sheikh Ahmad Surkati, Msudani aliyekuwa akifundisha Java, aliulizwa swali hilo hilo, akahalalisha, akalazimika kuiacha shule aliyokuwa akiiongoza, na mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya al-Irshad. Ami alisikiliza habari hii mara mbili, akaomba miaka irudiwe ili niiandike.

Usiku tulikwenda Riyadha. Anayetaka nafasi afike mara baada ya magharibi, avae kanzu au buibui, na asipige picha mpaka aombe ruhusa. Wanaume walikaa kwa safu mbili zinazotazamana, wakayumba pamoja na twari, na sauti ile iliniingia kifuani hata nikalia, nami sikuwa nimetaka kulia. Sisi wanawake tulikuwa nje, juu ya mikeka, mbali kiasi cha kusikia maneno nusu nusu. Bibi mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu aliyajua yote kwa moyo na akawa ananijazia kila neno lililopotea. Alipojua ninatoka Malindi akaniambia kwamba mama yake alikuwa mtu wa mashamba ya Hindi, karibu na Mokowe, asiyejua kusoma, na maulidi aliyajifunza kwa kukaa nje mahali kama hapo. Bintiye bibi huyu ana shahada ya chuo kikuu. Bado yuko nje ya mkeka ule ule.

Mdogo wangu aliniambia kwamba ndani alikaribishwa mbele na kijana asiyemjua, akapewa kahawa, akapakwa mafuta ya uturi kwenye mikono. Hakuna aliyemuuliza ni mtu wa nani. Nilifurahi kwa ajili yake, na pia nikaona kwamba katika safu za msikiti hatukuwahi kubaguliwa sana. Msikiti una safu moja, na hakuna anayeweza kukuzuia kusimama. Kubaguliwa kunatokea kwenye uimamu, kwenye ukumbi wa Mkomani, kwenye karatasi ya kuorodhesha waalikwa, kwenye kiti cha kamati ya msikiti, mahali ambapo Kurani haisomwi kwa sauti.

Ijumaa na Jumamosi

Swala ya Ijumaa, ziara kaburini, zefe kando ya bahari, goma na bakora, mashindano ya punda: haya yameandikwa na wengi, nami sina la kuongeza ila kwamba jua ni kali na chupa ya maji huuzwa ghali karibu na gati, kwa hiyo ununue ndani ya mitaa. Jumamosi tulipumzika Shela.

Jumapili, kurudi

Boti ya kwanza kwenda Mokowe, basi, vizuizi, Malindi kabla ya magharibi. Kabla hatujaondoka mtu mmoja aliyetutakia mema, jirani wa nyumba tuliyolala, alimvuta ami kando na kumshauri. Alisema familia nyingi zimefanya: tafuteni nisba (jina la ukoo) ya Kiarabu, hakuna atakayefuatilia, kijana aoe, mambo yaishe. Alisema kwa huruma, na mimi siwahukumu waliofanya hivyo, kwa kuwa ninajua walichokuwa wakikimbia.

Wiki ya pili baada ya kurudi, baba wa binti alipiga simu mwenyewe, jambo tulilolihesabu kuwa dalili njema. Aliomba barua mbili: moja ya imamu wetu kuhusu tabia na dini ya kijana, na nyingine ya familia yenye majina ya ukoo hadi kizazi cha nne. Ami aliiandika ya pili kwa mkono wake, mezani kwangu. Aliandika jina la baba yetu, jina la babu la Kiislamu pamoja na lile la Kigiriama alilopewa na mama yake, kisha jina la baba yake babu na la baba yake huyo, na koo zao kama zinavyojulikana Magarini. Chini yake akaandika kwamba hatuna nisba nyingine na hatuitafuti, na kwamba ndoa ikikubaliwa tutaomba khutba ya nikaha isomwe na imamu wetu wa Malindi, ambaye naye ni mtoto wa mhaji.

Barua tulizituma kwa basi la asubuhi. Kutuma bahasha hadi Mokowe kulikuwa shilingi 200, na ni vizuri kuandika nambari ya simu ya mpokeaji juu yake kwa herufi kubwa, kwa sababu kondakta ndiye anayempigia. Alipigiwa siku ile ile na akathibitisha kuzipokea. Jibu tunalingoja.